Jina la Kinyago

Kinyago tulichokinunua katika duka moja jijini Dar es Salaam kilikuwa cheusi kama mpingo, na muuzaji alituapia kwamba ni cha Kimakonde. Tulipofika nyumbani tukakipangusa kwa kitambaa kibichi, na weusi wake ukahamia kitambaani. Kumbe ulikuwa mti mwepesi uliopakwa dawa ya viatu. Tuliona haya kuliko hasira, kwa maana tulijigamba kuwa tunaijua sanaa ya taifa letu. Tena bei tuliyoishusha kwa ubishi wa nusu saa isingemtosha mchongaji wa kweli hata kununulia gogo.

Siku chache baadaye tulikipeleka kwa mzee mmoja katika kijiji cha wachongaji cha Mwenge. Alikipima mkononi, akacheka. Kisha akatupa kipande cha mpingo, kizito, ambacho kikitiwa majini huzama. Moyo wake mweusi, na sehemu yake ya nje nyeupe. Alitueleza jinsi tezo linavyotoa umbo, patasi inavyoingia penye mikunjo, na tupa na msasa vinavyolainisha. Mti wenyewe huchukua miongo mingi kukomaa, na tangu mwaka 2017 biashara yake ya kimataifa inasimamiwa na mkataba wa CITES.

“Wanangu,” alisema mzee, “aliyepaka rangi hii hakuiba mti. Ameiba jina.”

Neno hilo lilituingia. Mkataba wa haki miliki wa Shirika la Biashara Duniani, ulioanza kutumika mwaka 1995, unatambua kwamba jina la mahali laweza kuwa mali, iwapo ubora au sifa ya bidhaa imetokana na mahali hapo. Zanzibar iliyaingiza majina ya namna hiyo katika sheria yake ya mali ya viwandani ya mwaka 2008. Umoja wa Ulaya, ambao kwa muda mrefu ulilinda hivyo mvinyo na jibini, ulipitisha mwaka 2023 kanuni ya kazi za mikono, ikaanza kutumika rasmi tarehe 1 Desemba 2025. Lakini mkataba ule wa dunia haulazimishi nchi yoyote kulinda jina lisilolindwa kwao. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Je, katika daftari hilo tutaandika mahali gani? Wamakonde wako pande zote mbili za mto Ruvuma. Wengi walivuka kutoka Msumbiji kuja kufanya kazi katika mashamba ya mkonge, nao wakaja na tezo zao. Samaki Likankoa, anayetajwa kuwa mwanzilishi wa mtindo wa shetani mwishoni mwa miaka ya 1950, alitoka huko. Mzee wetu naye alizaliwa ng’ambo ya mto, akafunzwa na baba yake, na amezeekea Mwenge. Mpaka ukichorwa kuzunguka Newala na Mtwara peke yake, kinyago chake kitaitwaje? Sheria iliyokusudiwa kumzuia mwongo itakuwa imemfukuza mwenye jina.

Kwa hiyo twaona kwamba masharti ya usajili hayana budi kuandikwa pamoja na wachongaji wenyewe, nasi tukishauriana na ndugu zetu wa Msumbiji. Yaseme ni mti gani, umechongwa kwa mkono gani, na ujuzi umerithiwa kwa nani. Nasi wanunuzi tujifunze kulipa bei ya kazi, kwani ubahili wetu ndio uliompa soko mpaka-rangi.

Siku ile tulinunua kwa mzee kinyago kidogo, wala hatukuomba apunguze bei. Vyote viwili vimekaa rafuni, na kitambaa chenye weusi kipo kati yao. Watoto wakiuliza, huwa tunawaambia wavinyanyue kwanza.