Usiombe Uhamisho Kabla Hujaripoti

Chumbageni, Tanga

Mwanangu mpenzi,

Baba yako magoti yanamsumbua, lakini msikitini anakwenda kwa miguu yake mwenyewe. Nimeamua kukuandikia badala ya kukupigia simu kwa kuwa kwenye simu utanikatiza, na haya nataka uyasome mpaka mwisho.

Nimesikia umepangiwa kufundisha Kasulu, na kwamba tangu majina yatoke huna kazi nyingine ila kutafuta mtu wa kukusaidia ubadilishiwe kituo, upewe hata Muheza au Korogwe. Mama yako yuko upande wako. Wifi yangu nampenda, ila katika hili sipo naye.

Niliuliza unaogopa nini. Nikaambiwa Kasulu ni mbali, kuna baridi, Kiha hukijui, kuna wachawi, kuna wakimbizi, utakuwa peke yako. Katika hayo yote hakuna hata moja uliloliona kwa macho yako. Umeyapata kwa watu ambao wengi wao Morogoro hawajaivuka. Woga wa kusikia hauondoki kwa kuulizana maswali sebuleni, maana kila ukijibiwa moja linazuka la pili. Unaondoka ukifika.

Unajua nimekuwa muuguzi maisha yangu yote ya kazi. Mgonjwa anayeogopa sindano akitoroka foleni, hupata nafuu palepale, na nafuu hiyo ndiyo inayomdhuru. Mwili umeshajifunza kwamba kilichomwokoa ni kukimbia, na siku nyingine atatetemeka akiwa bado yuko getini. Akivumilia akabaki, moyo unamwenda mbio, jasho linamtoka, halafu taratibu mapigo yanashuka yenyewe bila dawa. Wanaotibu woga katika afya ya akili hufanya hivyohivyo: humsogeza mgonjwa kidogo kidogo kwenye kile anachokiogopa mpaka akizoee. Wewe ukibadilishiwa kituo, usiku huo utalala vizuri. Siku utakapoitwa semina Mwanza, woga utakurudia, tena mkubwa kuliko wa leo.

Kwa hiyo nenda, na uende kwa treni. Baba yako yuko tayari kukukatia tiketi ya ndege. Mshukuru, lakini ikatae. Ndege itakutoa Dar es Salaam asubuhi na kukutua Kigoma kabla moyo wako haujatoka nyumbani. Treni ya umeme nayo ni nzuri, ila inakufikisha Dodoma tu. Panda ile ya reli ya zamani, iliyoanza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905 ikafika Kigoma 1914. Ni zaidi ya kilomita 1,200, na utalala njiani. Tabora utanunua asali dirishani. Utapita Urambo, Kaliua, Malagarasi, na Uvinza kwenye chumvi, na kila kituo utaona kina mama wenye beseni kichwani wakipigia debe vyakula vyao kwa Kiswahili chako hichohicho. Umbali uliokutisha utakuja kidogo kidogo, kila kipande na sura za watu wake.

Ukishuka Kigoma usikimbilie basi la Kasulu siku hiyohiyo. Shinda Ujiji. Utakuta misikiti, kanzu, miembe mikubwa, na Kiswahili kilichokaa pale tangu enzi za misafara iliyotoka Bagamoyo kwa miguu. Biashara ya misafara ile, ya pembe na ya watumwa, ilikuwa na machozi mengi, wala siisifu. Lakini ujue watu wa pwani walikwishafika huko kabla reli haijafikiriwa, na vizazi vyao vipo.

Mimi nilipopangiwa mkoa huo wa Kigoma nilikuwa msichana kama wewe. Nilipoingia kwenye nyumba ya mtumishi, jirani alinijia, akainama, akapiga makofi taratibu na kuniambia, "Mwakeye." Ndivyo Waha wanavyosalimia, na salamu yao haina haraka. Nilisimama nimeduwaa. Akaniwekea mezani bakuli la maharage yaliyoungwa kwa mawese, mekundu, na harufu yake ilinishinda, nikala kwa kuona haya tu. Aliendelea kuleta. Nilipoondoka Kigoma nilibeba dumu la mawese, na mpaka leo kisamvu bila mawese hakinipendezi. Woga wangu ulikwenda kwa njia ile ile, kwa kukaa na kurudia. Sikumbuki siku ulipoisha.

Wakimbizi uwaondoe kabisa kwenye hesabu zako za vitisho. Kambi ya Nyarugusu ilifunguliwa 1996 kwa ajili ya Wakongo waliokimbia vita, baadaye wakaja na Warundi. Hao ni watu waliotishwa, si watu wa kukutisha.

Lakini woga na tahadhari usivichanganye. Usifike kituoni usiku. Ukifika, jitambulishe kwa mkuu wa shule na kwa mtendaji wa kijiji siku hiyo hiyo, wajue upo. Chandarua kila usiku, baridi isikudanganye kwamba malaria hakuna. Mto Malagarasi una mamba; watazame ukiwa darajani. Na mwanamume atakayekufanyia wema wa haraka mno, mweke mbali mpaka umjue. Tahadhari hizo ningekupa hata ungepangiwa Muheza.

Mama yako anasema mtoto wa kike kwenda huko peke yake si desturi yetu. Mkumbushe Siti binti Saad. Alizaliwa Fumba katika familia maskini ya wafinyanzi, akihangaika kuuza vyungu. Mwaka 1911 akahamia mjini Unguja, na 1928 akavuka bahari hadi Bombay kurekodi nyimbo zake. Shaaban Robert, mtu wa Tanga hii hii, ndiye aliyeandika maisha yake. Na wahenga walishasema mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Hakuna anayekufukuza nyumbani. Chumba chako kipo.

Ninachokuomba ni mwaka mmoja. Wafundishe watoto wa Kasulu mwaka mzima, ujifunze kuwasalimia wazazi wao kwa Kiha, ukate na mbuga ukaone Ziwa Tanganyika. Baada ya hapo, ukiona bado hupataki, andika barua ya uhamisho ukiwa huko huko, useme uliyoyaona mwenyewe, nami nitakusaidia kuifuatilia. Barua ya woga sitaisaidia.

Nauli ya treni nimemwachia baba yako. Sweta langu la zamani mama yako analo. Lichukue, kule utalihitaji.

Shangazi yako