Mpini Kwanza, Jina Baadaye

Tangu Olimpiki ya Paris 2024, nikisema tu kwamba nalenga shabaha, lazima mtu anitajie Yusuf Dikeç, yule Mturuki wa fulana na miwani ya kawaida aliyepata medali ya fedha pamoja na Şevval İlayda Tarhan kwenye bastola ya hewa, mita 10. "Kumbe vifaa si kitu!" Jamani. Alichoacha ni mapambo ya usoni. Bastola aliyoshika ilikuwa ya mashindano kama za wenzake. (Na ule mkono mfukoni ni kawaida, karibu wote tunafanya hivyo ili bega litulie.)

Mchezo huu nimeukuta Ujerumani, ninakosoma mwaka mmoja kwa mpango wa kubadilishana wanafunzi. Klabu ya jirani na hosteli inaazimisha bastola, ila ninayotumia mimi inashikwa na watu sita, na kila mmoja anairekebisha kwa jicho lake. Kila Alhamisi naanza upya. Ndiyo maana nikaifungua bahasha ya hela za kuosha vyombo: euro 900. Nyumbani wanajua ni za laptop. Mpya za daraja la juu zinazidi euro 1,000, kwa hiyo nilikuwa natafuta iliyotumika, na hela ilikuwa ya kuchagua mara moja tu.

Sheria zenyewe zinapunguza tofauti. Risasi ni za milimita 4.5. Bastola isizidi gramu 1,500, na triga isiwe nyepesi kuliko gramu 500. Mkaguzi anatundika uzito huo kwenye triga, anainua bastola, ikifyatuka, umekwisha. Kisha unapiga risasi 60 ndani ya dakika 75, kwa mkono mmoja, na duara la pointi 10 lina kipenyo cha milimita 11.5, yaani kama kifungo cha shati. Bastola yoyote nzuri ukiifunga kwenye jiriwa itapiga karibu tundu lilelile. Anayetikisika ni wewe.

Sasa unalinganisha nini? Steyr ya Austria, kwenye LP10, wameweka kizito kidogo ndani kinachomeza msukumo, kwa hiyo risasi ikitoka bastola haishtuki. Morini ya Uswisi, CM 162EI, ina triga ya umeme inayotumia betri: inakatika vilevile mara ya kwanza na ya sitini. Wajerumani Feinwerkbau na Walther, kwenye P8X na LP500, wanakuachia urekebishe hadi pembe ya mpini. Pardini ya Italia nimeishika mara moja tu, siwezi kuisemea. Halafu kuna Baikal IZH-46M ya Urusi, mkombozi wa wenye mfuko mwembamba. Haina silinda. Unavuta wenzo kabla ya kila risasi, nayo inapiga sawasawa kabisa. Lakini vuta mara 60, ukiongeza za mazoezi, kwa mkono huohuo unaotakiwa kutulia!

Kocha wetu, mzee aliyestaafu useremala, alinizuia kusoma majina. Alinifumbisha macho, akanipa bastola moja baada ya nyingine: inua, lenga, fumbua. Ukifumbua ukakuta nundu ya mbele iko katikati ya pengo la nyuma, mpini huo ni wako. Ikiwa imeegemea kushoto au kulia, kiganja kitapigana nayo risasi zote 60. Mimi nina kiganja kipana na vidole vifupi. Mipini miwili ya saizi ya kati, kutoka viwanda viwili tofauti, ilinipa majibu mawili tofauti kabisa. Mbao hurekebishika: panapopwaya unajaza lipu ya mbao, panapobana unapiga msasa. Ila huwezi kuanza na mpini usiokujua hata kidogo.

Swali la pili la mzee lilikuwa: ikiharibika, nani ataitengeneza, na lini? Si swali la kijinga. Kwenye Olimpiki ya Tokyo, 2021, bastola ya Manu Bhaker wa India iliharibika katikati ya hatua ya mchujo, muda ukampotea, hakufika fainali. Paris alirudi na shaba mbili. Kwa sisi wa bahasha, spea za karibu zina thamani kuliko teknolojia.

La tatu ni tarehe kwenye silinda ya hewa. Inajazwa hadi bar 200, na muda wake kwa kawaida ni miaka 10. Nilikuta bastola ya bei nzuri sana mpaka nikasoma silinda: miezi minne imebaki. Ongeza bei ya silinda mpya uone kama bado ni nafuu.

Nilichukua LP10 ya mwanaklabu anayeacha mchezo, euro 650, silinda ina miaka sita mbele. Nilipofumbua macho, nundu ilikuwa imeegemea kushoto kidogo tu, jambo la msasa. Kisheria hapa haina mzozo: nimepita miaka 18 na ina alama ya F, yaani nguvu yake haizidi jouli 7.5, ingawa njiani lazima ikae kwenye sanduku lililofungwa kwa kufuli. Euro 250 zilizobaki hazinunui laptop. Mama bado hajauliza, na mzee amenipa karatasi ya msasa namba 120.