Siku niliyochemsha mbele ya washikaji

Umewahi kualika watu nyumbani halafu ukatamani ardhi ipasuke ikumeze? Mimi yamenikuta, tena kwetu Mwanga, Kigoma.

Kuna mchezo unaitwa Dungeons & Dragons, ulitoka Marekani mwaka 1974. Si kama bao wala drafti. Mmoja anasimulia, wenzake kila mmoja ni mtu fulani ndani ya hadithi. Anasema anafanya nini, kisha dadu inaamua kama ameweza. Msimulizi ndiye bosi. Nikasema bosi ni mimi!

Wiki nzima nilijaza daftari. Mazimwi ya Kizungu nikayaacha, nikachukua meli yetu: Graf von Götzen, iliyoletwa vipandevipande kutoka Ujerumani, ikaunganishwa hapahapa Kigoma na kushushwa ziwani mwaka 1915. Julai 1916 Wajerumani walipobanwa, waliipaka mitambo grisi wakaizamisha wenyewe. Sasa washikaji ni mabaharia, kazi yao waizamishe kabla adui hajafika. Rahisi, au siyo?

Nilisoma daftari dakika 20 bila kupumua. Mmoja akawa anatafuna dagaa kama yuko peke yake, mwingine anapiga miayo. Mara mdogo wangu, ambaye tangu babu afariki maneno yake ni ya kuhesabu, akainua mkono.

"Kaka, mimi sizamishi. Nakimbia nayo usiku, naificha kule Mahale."

Jamani! Daftari langu halikuwa na Mahale. Nikamjibu kwa ukali, "We acha kuzingua, historia inasema ilizama." Akaweka dadu chini, akatoka. Wengine nao wakakumbuka ghafla wana safari za Kibirizi. Chai ikapoa.

Usiku usingizi ulinikimbia. Babu alikuwa baharia wa Liemba, na Liemba ndiyo Götzen ileile: Waingereza waliiibua mwaka 1924, ikarudi kazini 1927 kwa jina jipya. Mzee akitusimulia barazani kule Ujiji, kila mambo yakifika pagumu alikuwa ananyamaza, anavuta kahawa yake, anauliza, "Haya, ungekuwa wewe?" Nasi tunapigana kujibu. Dogo kumbe alikuwa anajibu swali la babu, mimi nikamfunga mdomo.

Jumamosi iliyofuata daftari nililiacha ndani. Washikaji walikuja wawili tu. Dogo akakaa mlangoni, mguu mmoja nje, kama mtu anayengoja kufukuzwa.

Nikamwambia, "Ni usiku. Uko kwenye usukani. Wajerumani wote wamelala isipokuwa mmoja, ana grisi mikononi, anapanda ngazi kuja ulipo. Ziwa limechafuka. Unafanyaje?"

Kimya. Yule wa dagaa akaacha kutafuna.

"Nazima taa," akasema.

Nikamsogezea dadu.