Nyuki Ndani, Watu Nje

Nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Methali hii yaliafiki Jumba la Baraza la Mji wa Manchester, Uingereza, lililofunguliwa mwaka 1877. Msanifu wake, Alfred Waterhouse, alikabidhiwa kiwanja cha pembetatu, umbo linalomsumbua mjenzi yeyote, tena katika mji uliogubikwa na moshi wa viwanda vya pamba. Alitambua kwamba nakshi nyingi za nje zingemezwa na masizi. Ndiposa akachagua jiwe gumu la mchanga, urembo wa nje akautia kwa kadiri, na hazina akaiweka ndani. Ofisi alizipanga kandokando ya pande tatu zipate mwanga, ukumbi mkuu akautia katikati. Juu ya lango kuu ukapaa mnara wa saa wenye urefu wa takribani mita 85.

Aingiaye hulakiwa na ngazi za mawe zinazopanda chini ya matao hadi kwenye sakafu ya vijiwe iliyotiwa picha za nyuki. Nyuki ndiye nembo ya Manchester, mdudu asiyejua kupumzika. Ni pambo la kupendeza, hilo halina ubishi. Hata hivyo, pamba iliyoutajirisha mji huo, hadi vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani vilipozuka mwaka 1861, ililimwa kwa sehemu kubwa na watumwa. Nyuki hao hawakupewa picha.

Ukumbini mna michoro 12 ya ukutani aliyoichora Ford Madox Brown kati ya 1879 na 1893. Warumi wanajenga ngome. John Kay, aliyeharakisha ufumaji, anaviringishwa katika shuka la sufu aepuke hasira za umati. Na umati wenyewe je? Tarehe 16 Agosti 1819, mwendo mfupi tu kutoka hapo, askari wa farasi waliwavamia kwa panga maelfu ya watu waliokusanyika kudai uwakilishi bungeni. Watu wapatao 18 walifariki, mamia wakajeruhiwa. Brown alipoanza kazi, kisa hicho kilikuwa na umri wa miaka 60, na bila shaka wazee waliokikumbuka walikuwa hai. Hakikuchorwa.

Mwaka 2018 jumba lilifungwa likarabatiwe. Mwaka uliofuata, miaka 200 baada ya mauaji, majina ya waliouawa yaliwekwa kwenye mnara wa kumbukumbu wa vidato vya mawe, nje, karibu na uwanja walikoangukia.