Yule dogo wa Uingereza kaishia wapi?

Wenye sapu poleni, tunapambana. Mimi niko nyumbani Kijenge toka Ijumaa, nimekuja kula ugali wa mama na kupumzika na kelele za hosteli. Naandika hapa nje, Mlima Meru umejifunika mawingu kama kawaida yake, na ng'ombe wa mama analia anataka majani.

Sasa wengi mmekuwa mkiniuliza, "Yule mdogo wako aliyekuwa anaenda Uingereza kusomea udaktari wa mifugo kaishia wapi?" Sio siri, nilikuwa nakwepa. Kila mkiuliza nabadilisha mada. Lakini jana usiku dogo alinipigia simu, tukaongea karibu saa nzima, nikasema basi, naandika. Maana najua humu wapo wenye wadogo zao waliomaliza kidato cha sita, na wapo walimu wenzangu watarajiwa ambao kesho wataulizwa na wanafunzi swali hilihili.

Tuanze mwanzo. Mama anafuga hapahapa Kijenge, ng'ombe wa maziwa wawili ama watatu, ndani ya banda. Mwaka 2021 dogo akiwa kidato cha nne, ng'ombe mmoja alishikwa na uchungu jioni, mpaka saa nne usiku bado. Mguu mmoja umetoka, mwingine hauonekani. Daktari wa mifugo alikuwa mbali, alifika saa sita. Dogo ndo alishika tochi. Yule daktari alivua shati, akapaka mkono sabuni, akaingiza mpaka begani, akawa anautafuta ule mguu taratibu huku anaongea na ng'ombe kama anaongea na mgonjwa wa kibinadamu. Ndama akatoka, jike, mzima. Toka siku ile dogo hakuwa na wimbo mwingine.

Akasoma PCB. Mei 2024 akamaliza kidato cha sita, matokeo yakatoka, divisheni wani. Akaomba SUA Morogoro, Shahada ya Tiba ya Mifugo, akapata. Nyumba nzima shangwe. Kwa wasiojua, pale Morogoro mafunzo ya udaktari wa mifugo yalianza mwaka 1976, wakati huo ikiwa sehemu ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, halafu mwaka 1984 ikawa SUA yenyewe, kwa jina la Sokoine wetu wa Monduli. Ni miaka mitano.

Tatizo lilikuwa mimi. Dogo alikuwa amesoma habari za Walter Plowright, yule daktari wa mifugo aliyesoma Royal Veterinary College ya London, akaja kufanya kazi Muguga kule Kenya, na yeye na wenzake wakatengeneza chanjo ya sotoka. Ndo ugonjwa ule uliofagia ng'ombe wa Wamasai miaka ya 1890 mpaka watu wakafa njaa. Mwaka 2011 dunia ilitangaza sotoka imekwisha kabisa, na chanjo ile ilifanya kazi kubwa. Dogo akaniambia, "Dada, na mimi nataka kusoma alikosoma yule." Badala ya kumuuliza maswali, nikamjibu kama shujaa: "Omba! SUA haikimbii." Hayo maneno mawili ya mwisho yananiuma mpaka leo. Maana hakuripoti Morogoro.

Basi tukaanza. Uingereza unaomba kupitia UCAS. Kozi nyingine zina muda mrefu, lakini udaktari wa mifugo mwisho ni tarehe 15 Oktoba, karibu mwaka mzima kabla ya kuanza chuo. Unachagua kozi tano, ila za mifugo zisizidi nne. Ada ya kuomba kwa mwaka ule ilikuwa pauni 28.50, inalipwa kwa kadi ya benki ambayo nyumbani kwetu hakuna aliyekuwa nayo. Hapo bado pasi ya kusafiria shilingi 150,000, na mtihani wa Kiingereza wa IELTS, ambao ulipita laki tano, na vyuo vingi vya mifugo vinataka wastani wa 7.0. Matokeo yenyewe yanaishi miaka miwili tu, baada ya hapo unarudia.

Hela ilitoka wapi? Mama aliuza mtamba. Milioni 2. Na mtamba mwenyewe ndo yule ndama aliyezaliwa usiku wa tochi, sasa kakua, ana mimba ya kwanza. Mnunuzi alipokuja kumchukua dogo aliingia ndani, akatoka gari limeshaondoka. Mama akasema tu, "Si ndo kazi yake huyo, kukusomesha."

Halafu barua. Mwaka ule UCAS walikuwa wanataka maelezo yako binafsi yasiyozidi herufi 4,000, nafasi zikihesabiwa. (Kuanzia wanaoingia 2026 wamebadilisha, sasa ni maswali matatu, ila jumla ya herufi ni ileile.) Dogo akaniletea alichoandika. Kha! Kiingereza cha kunakili mtandaoni, eti toka utotoni amekuwa na mapenzi makubwa kwa wanyama wote. Nikamuuliza, "Mapenzi yepi? Wewe paka unamfukuza." Tukacheka, lakini nikamuuliza tena, una uzoefu gani na wanyama? Akanijibu, "Sina, dada. Sijawahi kufanya kazi popote."

Wadau, huyu mtu anaamka saa kumi na moja kukamua toka darasa la sita. Anajua ng'ombe mwenye ndigana kali kwa kuangalia tezi za chini ya sikio. Anajua kwamba ukimchoma ng'ombe dawa ya kiwele, maziwa yake usiyauze mpaka siku zake ziishe, na ameshagombana na majirani kwa hilo. Nikamwambia andika hayo. Akasema, "Hiyo si kazi, dada, hiyo ni nyumbani tu." Tulibishana siku mbili! Wale wa vyuo wanauliza uzoefu, vingine vinahesabu kwa saa, vingine kwa wiki, na huku kwetu tunao mpaka unamwagika ila hauna karatasi. Mwisho akaenda kwa yule daktari wa usiku ule, akafuatana naye miezi miwili, Njiro, Moshono, mpaka kwenye chanjo ya kichaa cha mbwa, kila siku anaandika daftarini, na daktari akamwandikia barua. Maelezo yakawa ya tochi, ya mguu uliojificha, ya maziwa ya jirani. Nilipoyasoma nilinyamaza.

Siku ya mwisho sasa. Saa kumi na mbili jioni ya Uingereza mwezi wa Oktoba ni saa mbili usiku kwetu. Saa moja kasoro umeme ukakata mtaa mzima. Tukakimbia na kifodi mpaka mjini, tukatuma kwenye simu ya rafiki yangu zikiwa zimebaki dakika 20. Nilijiona mwalimu bora Afrika Mashariki.

Vyuo vitatu vikakataa. Cha nne kikamwita kwenye usaili kwa mtandao, wakamuuliza habari ya dawa na maziwa, akawaeleza ya jirani. Machi 2025 wakampa nafasi. Jamani! Mama alipiga vigelegele mpaka wateja wa maziwa wakadhani kuna harusi.

Jioni ileile tukafungua ukurasa wa ada. Nakiri mbele yenu kwamba mimi, mwanafunzi wa ualimu, mwaka wangu wa pili, nilikuwa sijaufungua ule ukurasa kwa makini toka Agosti. Nilikuwa nasema mbele kwa mbele, ufadhili upo. Kwa mwanafunzi wa kigeni, udaktari wa mifugo Uingereza ni zaidi ya pauni 35,000 kwa mwaka, na ni miaka mitano. Piga hesabu na hela yetu, unakaribia shilingi milioni 600 kabla hujala wala hujalala. Mama akauliza, "Ng'ombe wa maziwa mzuri sasa hivi si milioni 2 na nusu?" Nikasema ndiyo. Akakaa kimya kidogo. "Kwa hiyo ng'ombe 240." Akaangalia bandani. Walikuwa wawili.

Tukaanza kutafuta ufadhili kama vichaa. Chevening? Ni kwa shahada ya pili. Wa Jumuiya ya Madola? Nao ni shahada ya pili na kuendelea. Wa serikali ya Uturuki unalipia shahada ya kwanza, na kule wanafundisha udaktari wa mifugo, lakini dirisha lake ni kuanzia tarehe 10 Januari hadi 20 Februari, na sisi tuliujua mwezi Machi. Tena kwa shahada ya kwanza wanataka uwe chini ya miaka 21, kwa hiyo wa mwaka unaofuata dogo angekuwa ameshapita. Marekani ndo usiseme, kule unasoma kwanza miaka kadhaa ya chuo ndipo uombe shule ya mifugo, miaka minne mingine. Na hata ukiwa na ada ya mwaka, viza ya Uingereza inataka hela ya ada na ya kuishi ilale benki siku 28 mfululizo bila kupungua. Mama alicheka hapo. "Siku 28 bila mtu kuumwa wala kufiwa? Kwa ukoo upi?"

Dogo aliandikia chuo kuomba wapunguze. Walijibu kwa adabu, wakampongeza, basi. Siku ya mwisho ya kulipa amana ikapita. Wenzake aliomaliza nao walikuwa wanaposti picha wamevaa makoti meupe Morogoro, yeye anakata majani. Hakunilaumu hata mara moja, na ndo ilinitesa. Ningefurahi angenifokea.

Julai 2025 akaomba SUA tena. Nikawa silali, maana "haikimbii" yangu ilikuwa inajaribiwa kweli sasa. Ikatoka, kapata. Hela ya mtamba iliyobaki ilinunua godoro, ndoo, na nauli ya basi.

Sasa wale mtakaoulizwa, nawapa nilichokijua kwa kuchelewa. Msimwambie mtoto asiombe nje, hapana, dogo alipata nafasi kwa akili yake na hakuna anayeweza kumnyang'anya hilo. Ila mfungulie ukurasa wa ada siku ya kwanza, kabla ya ukurasa wenye picha za majengo. Swali la nani atalipa usilisubirishe. Wewe lianze hilo. Andika tarehe za ufadhili ukutani kabla ya tarehe za vyuo. Nafasi ya nyumbani ishike wakati unasubiri ya mbali. Na mkumbushe kwamba kutoka kunahitaji hati ya kutokuwa na pingamizi ya TCU, na kurudi kufanya kazi kunahitaji kusajiliwa na Baraza la Veterinari, kwa hiyo chuo kiwe kinachotambulika.

Na jingine. Wale wa Uingereza wenyewe wanakuja kusoma huku. Profesa Sarah Cleaveland wa Glasgow, naye daktari wa mifugo, amefanya kazi miaka mingi ya kichaa cha mbwa Serengeti. Akimaliza SUA, ule ufadhili wa shahada ya pili uliomkatalia utakuwa wazi kwake. Mlango wenyewe ni uleule, sisi tuligonga mapema na mfukoni hamna kitu.

Sasa simu ya jana. Dogo alikuwa anachekacheka, anasema kwenye anatomia walikuwa wanasoma fupanyonga la ng'ombe, mwalimu akauliza nani ameshawahi kuona ndama aliyekunja mguu tumboni. Akanyoosha mkono peke yake upande wake. Akasimulia mpaka darasa likatulia. Nikamwambia, "Umeona? Si nyumbani tu."

Akanyamaza. Halafu akaniuliza, "Dada, hivi yule aliyemnunua mtamba wetu anakaa wapi? Atakuwa ameshazaa."

Nimemuuliza mama asubuhi. Anakaa Moshono. Kesho kabla sijarudi chuo nitapita nimpigie picha, nimtumie.

Haya wapendwa, ndo hivyo. Mwenye mdogo wake anayetaka kuomba anione, daftari lenye tarehe zote ninalo. Wiki njema.