Nilimwambia binamu atoboe nduthi

Wasee, hii story nimeikalia tangu Januari.

Nina binamu Alberta, Kanada. Mwaka jana alinunua nduthi ya matope, ile ya 450, akaifunga vifaa vya theluji. Gurudumu la mbele linatolewa unaweka ski, la nyuma linatolewa unaweka mkanda mrefu wa raba, kama wa tingatinga. Akanipigia kwa video: "Injinia, hii kitu haina pumzi. Nifanyeje?"

Injinia. Kwetu wote huniita hivyo tangu niingie chuo kusomea uhandisi wa mitambo. Kitu hawakujua ni kwamba niliacha mwaka wa pili. Sasa mtu aliyekutumia karo mara mbili akikuita injinia, utamwambia hujui? Nikamjibu vile ningemjibu kijana wa boda hapa Nairobi: toboa boksi la filta pande zote, hewa iingie. Hata nilikuwa na video ya hiyo kitu, na iliwabamba watu sana.

Akatoboa. Jumamosi akapanda mlimani, tena peke yake (hapo ni kosa lake, si langu). Theluji ya huko ni laini kama unga wa ngano. Ski inaipasua, mkanda unairusha, na yote inapaa pembeni mwa injini, pale pale nilipomwambia afungue matundu. Unga ukanata kwenye sponji ya filta, joto la injini likauyeyusha kidogo, baridi ya nyuzi 20 chini ya sifuri ikaugandisha tena. Filta ikawa kifuniko cha barafu. Injini ikakohoa, ikazima. Simu nayo ilikuwa imezimika kwa baridi. Alitembea masaa matatu kwenye theluji ya magoti hadi kwa gari, na vidole viwili vya mguu vilikaa wiki nzima bila hisia.

Jioni akaniandikia: "Hii hamkufunzwa class?"

Sikulala. Nikaanza kusoma vile ningefaa kusoma kabla ya kufungua mdomo. Kumbe kwa theluji unafanya kinyume kabisa. Unaziba matundu ya pembeni, unapandisha mdomo wa kuvuta hewa juu, karibu na usukani, mbali na ule unga. Hapo unaweka wavu laini usioshika maji, na uwe mpana, kwa sababu hewa ikipitia eneo kubwa inaingia polepole, haina nguvu ya kubeba theluji. Yale mafuta ya filta tunayopaka kwa ajili ya vumbi hayasaidii sana huko, na baridi huyageuza gundi.

Halafu kuna ile ilinitisha zaidi. Hewa ya nyuzi 20 chini ya sifuri ni nzito kwa karibu asilimia 16 kuliko hewa ya nyuzi 20 za kawaida. Hewa ikizidi na petroli ibaki ile ile, injini inachemka vibaya. Yake ina kompyuta na sensa ya joto, kwa hivyo ilijiongezea petroli yenyewe. Ingekuwa ya kabureta, bila kuweka jeti kubwa, ningemuunguzia na pistoni pia.

Hiyo hesabu ya hewa tuliifanya mwaka wa kwanza. Nilipata A.

Nikampigia, nikamwambia yote: mdomo uende juu, wavu uwe mpana, na mimi si injinia. Akanyamaza muda mrefu, hadi nikadhani netiweki imekatika. Kisha akauliza, "Huo wavu ni wa ukubwa gani?"

Wiki iliyofuata alinitumia klipu, nduthi inanguruma hadi juu ya mlima. Ile video yangu ya kutoboa boksi nimeifuta, maana vumbi la Kajiado pia ni unga.

Mama bado sijamwambia. Yeye hayuko mtandaoni, lakini binti wa jirani yuko, kwa hivyo nadhani nina hadi jioni.