Biskuti za mbwa Mbweni: Acha zabibu, acha kungumanga

Daladala namba 505 ikitoka mjini hupita Migombani na Mazizini, ikafika Kiembe Samaki, na kabla ya uwanja wa ndege kuna njia inayokata kulia kuelekea baharini. Huko ndiko Mbweni. Kuna miembe mikubwa, kuta ndefu na mageti ya chuma. Nyuma ya mageti mengi kuna mbwa.

Mbweni imezoea kukutanisha watu wa desturi tofauti. Mwaka 1871 wamisionari wa Kianglikana wa UMCA walinunua shamba hapa, wakaweka makazi ya watu waliokombolewa utumwani na skuli ya wasichana ya Mtakatifu Maria, ambayo magofu yake bado yapo karibu na pwani. Kanisa la Mtakatifu Yohana lilijengwa mwaka 1882. John Kirk, balozi mdogo wa Uingereza aliyependa sana mimea, alikuwa na nyumba na bustani huku. Leo majirani ni Wazanzibari, watu wa Bara na wageni kutoka nje. Wapo wanaofuga mbwa kwa mapenzi, wapo wanaomfuga kwa ulinzi tu, na wapo ambao mate yake wakiyagusa ni lazima wajitwaharishe.

Katika nyumba kama hizi, mtoto ndiye wa kwanza kutaka kumpa mbwa kitu kitamu. Anaona mama anaoka keki, naye anauliza: “Na wa mbwa je?” Ni swali zuri. Biskuti ya mbwa ya kuoka nyumbani ni rahisi na haina gharama kubwa. Hatari ni kwamba jiko la Kizanzibari limejaa vitu vinavyomfurahisha mtu na kumdhuru mbwa.

Makombo ya sikukuu

Chukua sahani ya pilau au biriani baada ya Iddi. Ukoko na mabaki yake huishia kwa mbwa, na hakuna anayeona ubaya. Lakini ndani yake mna vitunguu maji na vitunguu saumu, ambavyo huharibu chembe nyekundu za damu za mbwa, viwe vibichi, vimepikwa au vimesagwa. Dalili huweza kuchelewa siku kadhaa, ndipo mbwa akaonekana mnyonge na ufizi umepauka, wakati watu wameshasahau alichokula.

Mna zabibu pia. Zabibu, mbichi au kavu, zinaweza kuharibu figo za mbwa, na hakuna kipimo cha kusema hizi chache hazitamdhuru. Mbwa mmoja atakula asipate kitu, mwingine atakula kidogo figo zikashindwa kufanya kazi.

Kisha kuna mifupa ya kuku na miiba ya samaki. Mfupa uliopikwa huvunjika vipande vyenye ncha, vikamchoma koo au utumbo.

Upande wa keki, chokoleti ndiyo adui anayejulikana zaidi. Ina theobromini, ambayo mwili wa mbwa huiondoa polepole mno, na kadiri chokoleti inavyokuwa nyeusi ndivyo inavyozidi kuwa na sumu. Kungumanga, ambayo mwokaji wa Unguja huikuna kwenye keki bila kufikiri, ina miristisini. Mbwa akiila kwa wingi huweza kutetemeka, moyo ukamwenda mbio na hata akapata degedege. Donge bichi la maandazi lenye hamira nalo liwekwe mbali, kwa sababu huendelea kuumuka tumboni na kutoa pombe.

Kitu cha mwisho hakionekani kwa macho. Ni zailitoli, sukari mbadala inayotiwa kwenye baadhi ya pipi na bazoka zisizo na sukari, dawa za meno na siagi za karanga. Kwa mbwa, hushusha sukari ya damu kwa kasi, wakati mwingine ndani ya nusu saa, na huweza kuharibu ini. Kabla ya kutia siagi ya karanga kwenye unga, soma lebo. Zailitoli huweza kuandikwa kwa nambari E967.

Boga, mayai na unga wa ata

Kinachobaki baada ya kuondoa hayo yote kinapatikana soko la Mwanakwerekwe au dukani mtaani: unga wa ata, boga na mayai.

Chemsha boga bila chumvi wala sukari, uliponde mpaka lilainike. Changanya nusu kikombe cha boga na mayai mawili, kisha tia vikombe viwili na nusu vya unga kidogo kidogo, ukande mpaka upate donge gumu lisilonata. Likiwa kavu mno, ongeza maji vijiko viwili. Sukuma kama chapati nene, ukate vipande vidogo na uoke kwa nyuzi 180 kwa dakika 25 hadi 30. Asiye na oveni atumie sufuria yenye mfuniko na moto wa makaa chini na juu, kama aokavyo mkate wa kumimina. Ziache zipoe na kukauka, uziweke kwenye friji, na zitumike ndani ya wiki moja.

Badala ya boga unaweza kutia kiazi kitamu kilichochemshwa. Ukitaka ladha ya samaki, tumia dagaa wabichi uliowachemsha mwenyewe. Dagaa wakavu wengi wa sokoni hupitishwa kwenye maji ya chumvi kabla ya kuanikwa, na chumvi nyingi haimfai mbwa. Hakuna iliki, mdalasini wala vanila. Mbwa hazihitaji.

Biskuti hizi hazichukui nafasi ya chakula. Madaktari wa mifugo hushauri vitafunwa visizidi asilimia 10 ya nishati anayoipata mbwa kwa siku. Kwa mbwa mdogo hiyo ni kipande kimoja au viwili, hata kama mtoto ameoka trei nzima.

Bakuli la nani?

Kuna jambo ambalo baadhi ya familia zinazohamia Mbweni hulisahau. Waislamu wengi wa Zanzibar hufuata madhehebu ya Shafi, ambayo mate ya mbwa ni najisi nzito: chombo alicholamba huoshwa mara saba, moja kwa udongo. Madhehebu hayo hayo yanaruhusu mbwa wa ulinzi, na mafundisho ya Kiislamu yanasimulia mtu aliyesamehewa dhambi kwa kumnywesha maji mbwa mwenye kiu. Huruma na twahara vinakwenda pamoja.

Biskuti ni unga, boga na mayai tu, hainajisi oveni. Bakuli la mbwa ndilo likae nje, lioshwe nje, kwa sifongo lake. Dada wa kazi au mlinzi asilazimishwe kulishika. Aulizwe kwanza, na jibu lake liheshimiwe. Mtoto anayeliona hilo nyumbani amejifunza jambo kubwa kuliko kuoka.

Chanjo kabla ya biskuti

Shirika la Afya Duniani (WHO) linaeleza kuwa hadi asilimia 99 ya maambukizi ya kichaa cha mbwa kwa binadamu hutokana na mbwa, na takriban asilimia 40 ya wanaoumwa na wanyama wanaoshukiwa kuwa na ugonjwa huo ni watoto wa chini ya miaka 15. Dalili zikishaanza, karibu hakuna anayepona. Kisiwani Pemba ugonjwa huo uliporudi mwaka 2016, ulidhibitiwa tena kwa kuchanja mbwa. Kwa hiyo mbwa asiye na cheti cha chanjo asilishwe na mtoto, hata kama ni mpole.

Mtoto aking’atwa au kuparuzwa, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha nenda hospitali siku hiyo hiyo. Usisubiri kuona mbwa atakuwaje.

Mbwa akiwa amechanjwa na kupewa dawa ya minyoo, kuna namna ya kumpa biskuti. Mtu mzima awepo. Mbwa asiwe anakula wala kulala. Mtoto aweke biskuti chini, arudi nyuma hatua mbili, amwache mbwa aifuate. Kisha akanawe mikono kwa sabuni.

Magharibi Mbweni, ndege hushuka chini juu ya miembe na mbwa wa ulinzi hufunguliwa kuanza zamu. Biskuti moja ya boga kabla ya zamu hiyo inamtosha.